Mifuko Niliyoiziba kwa Uzi

Chumba cha mbele, nyumba ya mwisho,
Mtaa wa nyuma ya soko.
Jumapili, tarehe 9 Machi.

Mpendwa Dada,

Salamu zangu zikukute na uzima, wewe na wote wa nyumbani kwako. Goti linasemaje? Mara ya mwisho ulikuwa unapanda ngazi kwa kuzihesabu na kuzilaani moja moja. Natumaini maumivu yamepungua, au angalau laana zimepungua. Na shemeji, macho yake yanaendeleaje baada ya kupasuliwa? Mwambie aache kujitia ujana, avae miwani aliyopewa.

Sisi huku ni wazima wa mwili. Nasema wa mwili kwa sababu wewe ndiye uliyenifundisha nisiandike "hatujambo" wakati nina jambo. Cherehani inafanya kazi, ile ile ya baba, ila mkanda ulikatika mwezi uliopita nikaubadilisha. Wifi yako bado yuko kwenye duka la dawa. Anasimama kutwa, na akirudi anatia miguu kwenye beseni la maji ya vuguvugu na hataki kuulizwa kitu mpaka maji yapoe.

Najua umeshangaa kuuona mwandiko wangu. Miezi kumi na mmoja hujapata neno kutoka kwangu. Simu zako niliziacha zikalia, na ile kadi uliyomtumia Chiriku siku yake ya kuzaliwa nilimpa bila kumwambia imetoka kwa nani. Alijua mwenyewe, kwa ule mwandiko wako ulioinama kama unatembea kwenye upepo. Naomba uisome barua hii hadi mwisho, hata kama hasira bado ziko juu.

Unakumbuka tulivyoachana. Ulisimama mlangoni na mkoba begani. Chiriku alikuwa ameizunguka nyumba mara tano akiwa na kiatu kimoja. Ukamtazama kwa muda mrefu, kisha ukaniambia kwa sauti ya chini, "Huyu mtoto ni yule wetu." Ulimaanisha mdogo wetu, kitindamimba, nami nilielewa mara moja, ndiyo maana nilikujia juu. Nilikuambia umchukue mzimu wako uondoke naye, usimwangushie mwanangu. Ukabeba mkoba ukaenda kituoni peke yako, na goti lile. Dada, nisamehe. Nimeliandika hili mapema ili kama utaichana barua katikati, uwe umeshalipata.

Chiriku sasa ana miaka tisa, yuko darasa la tatu. Jina hilo la utani ulimpa wewe na bado linamfaa: anaanza kusema kabla hajafumbua macho, na swali la pili linatoka kabla hujajibu la kwanza. Ukimtuma chumvi anarudi na kijiko, au harudi kabisa, unamkuta amekaa chini anapanga vifungo vyangu kwa rangi. Viatu vya shule amepoteza viwili tangu mwaka uanze, vyote vya kushoto. Wifi yako alisema mahali fulani kuna mtoto mwenye miguu miwili ya kushoto anayetuombea dua. Tulicheka siku ile mpaka tukashika mbavu. Hatujacheka sana tangu hapo.

Shuleni hawacheki. Kila Ijumaa daftari lilirudi na wino mwekundu: hatulii, anasimama ovyo, anajibu kabla ya kuulizwa, hamalizi kazi, anachezea vitu mfukoni wakati wa somo. Shule zilipofunguliwa mwezi wa kwanza, mwalimu mkuu alituita. Ni mtu wa adabu, alitupa viti. Akasema mtoto si mjinga, lakini darasa lina watoto sitini na mwalimu ni mmoja, na hali ikiwa hii hii mpaka mwisho wa muhula, tumtafutie shule nyingine. Shule nyingine ipi hakusema. Muhula unaisha wiki nne zijazo.

Sasa nafika pale ninapoona aibu.

Siku ile nilirudi nyumbani nimevimba. Unajua fundi akiona kasoro mkono unamwasha. Sikuwa na dawa ya kumtuliza mtoto wala ya kumfupisha ulimi, ila hilo la kuchezea vitu mfukoni niliona liko ndani ya uwezo wangu. Nikachukua gauni lake la shule, lile la mifuko miwili ubavuni nililolishona mwenyewe, nikaiziba mifuko yote miwili. Mshono wa mara mbili, Dada, kwa uzi wa jinzi, kazi ambayo hata mteja wangu mkubwa simfanyii. Sikupekua ndani. Chiriku alikuwa amesimama kando ya cherehani, akasema, "Baba, vitu vyangu vimo." Nikamjibu kwamba takataka haihitaji mfuko. Mtoto anayerudia kila jambo mara kumi, hilo alilisema mara moja tu.

Nikajisifu. Asubuhi yake nilimwonyesha mwalimu wa darasa kazi yangu pale getini, naye akacheka, akasema fundi ni fundi. Chiriku alisimama katikati yetu ameshika ubavu wa gauni, kama mtu anayetafuta mlango wa nyumba yake na kukuta ukuta.

Ijumaa ya kwanza daftari halikutaja mifuko, nikaona nimeshinda. Ijumaa ya pili kola ya gauni ilianza kuliwa. Alikuwa anaitafuna darasani mpaka nyuzi zinatoka. Nikaibadilisha. Wiki ya nne nikaibadilisha tena, na nikamgombeza kwa sauti hata wateja wawili wakaaga kabla sijawapima. Nilikuwa nagomba kwa ajili ya kola. Vidole vyake sikuvitazama.

Wifi yako ndiye aliyeviona akimwogesha. Ngozi ya pembeni ya kucha ilikuwa imeng'olewa mpaka nyama, vidole vinane kati ya kumi. Siku hiyo hiyo daftari la hesabu lilikuwa na alama za damu kwenye pembe za kurasa, na chini yake mwalimu ameandika neno moja: uchafu. Wifi yako alilifunga daftari, akaliweka mezani mbele yangu, akaenda kuomba ruhusa kazini. Aliporudi aliniambia kesho sote watatu tunakwenda kliniki ya watoto, na kama nina nguo za mteja za kumaliza basi mteja atavaa za zamani.

Daktari ni binti mdogo. Ungemkuta sokoni ungemtuma nyanya. Chumba chake kina meza, mizani, na kikapu cha magari ya kuchezea yaliyokosa magurudumu. Hakuanza na sisi. Alikaa sakafuni na Chiriku karibu saa nzima, wakijenga mnara kwa maboksi matupu ya dawa, huku akimuuliza hili na lile. Mnara ukianguka, Chiriku anatazama nyuso zetu kwanza, halafu ndiyo anatazama maboksi. Daktari aliliandika hilo, nilimwona.

Kisha akatugeukia. Akasema haoni utundu hapa wala malezi mabaya. Huyu mtoto, akasema, kila kitu kinamfikia kwa sauti moja: mwalimu, nzi, mlango unaolia, kiatu kinachobana. Hana njia nyepesi ya kuchagua kipi asikilize na kipi akiache kipite. Watoto wa namna hii ni wengi, na hali yao ina jina, akatuandikia kwenye karatasi. Hatakata shauri kwa siku moja. Kuna fomu ya mwalimu na fomu yetu, turudi Alhamisi, na ikithibitika atamwandikia mwalimu mkuu barua yeye mwenyewe. "Lakini msiogope," akasema, "hali hii inasaidika." Wifi yako alikuwa amejikaza tangu nyumbani. Kwa neno hilo moja alilia, na Chiriku akampa boksi la dawa ajifutie.

Akatueleza ya kuanza nayo. Tumwambie jambo moja kwa wakati mmoja, tukiwa tumemtazama usoni. Akae mbele darasani, mbali na dirisha. Apewe ruhusa ya kusimama kidogo, hata kwa kutumwa kufuta ubao. Yapo mazungumzo ya wazazi kila Jumamosi pale kliniki, wenye watoto kama wetu, twende tukasikilize. "Na mikono yake ipeni kitu cha kushika," akasema. "Akishika, ndiyo anasikia. Darasani huwa anashika nini?"

Wifi yako alinitazama. Mimi nilitazama viatu vyangu.

Swali la mwisho lilikuwa la ukoo. Aliuliza kama upande wa baba au wa mama kuna mtu aliyekuwa hivi utotoni, kwa sababu mara nyingi hali hii inapita kwenye damu. Wifi yako akawahesabu wa kwao mpaka binamu wa mbali. Zamu yangu ilipofika nikasema, "Kwetu hakuna." Nililisema haraka, kama mtu anayewahi kufunga duka kabla mteja hajaingia. Daktari akaandika hakuna. Na Chiriku, ambaye hakai na wazo moja kwa dakika mbili, akanitazama muda wote aliokuwa anaandika.

Tulipofika nyumbani nilichukua lile gauni nikaketi nalo dirishani. Mshono wangu mwenyewe ulinitoa jasho. Mfuko wa kulia ulipofunguka vilitoka vipande vitatu vya kitambaa, vidogo kama stempu, vimebanana kwa kufuliwa wiki saba: cha mahameli, cha jinzi na cha taulo. Vimelainika pembeni kwa kusuguliwa. Aliviokota chini ya cherehani yangu. Nikamwita nikamuuliza ni vya nini. Akanielekeza polepole, kama mtu anayemfundisha mgeni njia. "Hiki kigumu cha hesabu. Hiki cha taulo cha mwalimu akikasirika." Nikamuuliza cha mahameli. "Hicho cha kusubiri." Wala hakunilaumu. Alivirudisha mfukoni akavigusa vyote kwa nje, kisha akaenda kucheza.

Dada, sikushona tena siku ile. Wewe umeshajua kwa nini, maana wewe ndiye uliyempa kitindamimba wetu kile kigogo cha mbao kinachobaki uzi ukiisha. Ulikiokota chini ya cherehani hii hii. Alikuwa anakizungusha kwa kidole gumba kutwa nzima, na akiwa nacho aliweza kukaa kwenye sala mpaka amina. Ukaolewa, ukaondoka, ukatuachia mtoto na kigogo chake.

Yaliyofuata uliyasikia kwa mama, lakini hukuyasikia yote. Mwalimu alilalamika, baba akaniambia nikitafute nikitie motoni. Nilikuwa na miaka kumi na tano. Ningeweza kukificha nikasema nimekichoma. Nilikitia motoni, nikasimama hapo mpaka kikaisha, nikaenda kumwambia baba tayari, nikingoja kusifiwa. Baada ya hapo mdogo wetu hakushikika tena. Shule ikamfukuza, baba akawa anampiga, na mara mbili miguu yake niliishika mimi. Hilo mama hakukuambia kwa sababu nilimsihi. Nimelibeba miaka yote hii, nikifika kwako nakula, nacheka, nabembeleza wanao, na kumbe niko na mikono ile ile.

Alitoka kwa mlango wa nyuma Jumamosi moja mchana, amevaa ndala, akiwa na miaka kumi na mitatu. Mpaka leo hatujui yuko wapi, wala kama yuko. Baba akakataza jina lake. Mama akaendelea kumpakulia kwenye sahani yake yenye ukingo wa buluu, anaifunika, kesho yake anawapa kuku, hivyo hivyo mpaka alipotutoka. Na baada ya kumzika mama, mimi na wewe tukakubaliana tusiliguse tena jambo lile. Ulipoligusa pale mlangoni nilikuona umevunja ahadi. Kumbe ulikuwa unajaribu kumwokoa aliyebaki.

Jana nilimweleza wifi yako. Miaka kumi na miwili ya ndoa, alikuwa anajua tumezaliwa wawili. Alikuwa anakunja nguo. Aliendelea kukunja mpaka ya mwisho, kisha akazikunjua zote, akaanza upya. Nilipomaliza kusema, akauliza kitu kimoja tu: "Aliitwa nani?" Nikamtajia. Sauti ilitoka kama ya mtu mwingine. Akalirudia mara mbili, ili alizoee, akaondoka akaenda kulala na mtoto. Bado haniangalii vizuri. Sina wa kumlaumu.

Ninachokuomba ni hiki. Alhamisi nitarudi kwa yule daktari nimwambie nilidanganya: kwetu yupo. Ataniuliza alianza lini, alikuwaje mdogo, alitulizwa na nini, alilala vipi. Mimi sijui. Nilikuwa mtoto, na nilipoacha kuwa mtoto nilikuwa upande wa baba. Wewe ndiye uliyemwogesha, ukamlisha, ukamtafutia viatu. Niandikie unayoyakumbuka, yote, hata yasiyo na maana. Barua yako haitawahi Alhamisi, najua, lakini daktari anasema safari ni ndefu, na nitaipeleka siku itakapofika. Na hapo juu kabisa andika jina lake. Nimejaribu kuliandika humu mara tatu nikachana karatasi. Wewe ndiye uliyenifundisha kuandika langu, anza wewe tena.

Kuhusu muhula, sina la uhakika. Mwalimu wa darasa amepokea fomu, akasema ataijaza akipata nafasi, na mtu mwenye watoto sitini simlaumu akichelewa. Nilimwomba radhi kwa lile nililomwonyesha getini. Nikamwomba pia amwache mtoto na vipande vyake. Akasema ataona. Chiriku amehamishwa safu ya mbele, hilo limefanyika. Juzi alimaliza hesabu nne kati ya kumi. Zamani nisingejisifu kwa watu kwa hesabu nne. Kola haijatafunwa tangu Jumatano. Vidole bado vimefungwa plasta, na anaziita sare za vidole.

Siyo kwamba mambo yametengemaa. Juzi asubuhi nilimwita mara sita avae soksi, mara ya saba nikainua mkono. Sikuushusha juu yake. Ulibaki hewani, yeye akautazama, mimi nikautazama, na nikauona ni wa baba. Nimeogopa, Dada. Ninaogopa wiki hizi nne, na ninaogopa zaidi kwamba siku moja atakuwa na miaka kumi na mitatu na nyumba yangu ina mlango wa nyuma.

Mpe shemeji salamu zangu, na mpwa wangu mkubwa anayesomea uuguzi; mwambie mjomba wake ana maswali mengi ya kumuuliza. Yule mdogo mbwembwe mwambie suruali yake iko tayari tangu mwaka jana, kama bado inamwenea. Jirani yako wa maua pia unisalimie. Wifi yako anakusalimu, ameniambia niandike hivyo, na kwamba ukija tena atakufuata kituoni yeye mwenyewe.

Mungu akutunze, Dada, na goti lako alitazame. Na yule wetu, popote alipo, amfikie kabla yetu, amwambie tumeanza kumtaja.

Ni mimi mdogo wako, niliyekupenda hata nilipokuwa kimya,

Fundi

Nyongeza: Chiriku amenikuta naandika, akauliza ni ya nani. Nikamwambia ni ya shangazi yako, nimemkawiza sana. Akaingiza mkono mfukoni, akatoa kile cha mahameli. "Mpe hiki cha kusubiri," akasema. "Mimi nitaokota kingine." Nimekishikiza kwenye pembe ya karatasi hii kwa mshono mmoja tu, mlegevu. Ukikivuta kinatoka.